Maana ya Pili ya Neno Shato

Kamusi yangu ya kwanza ilinuka mafuta ya kukaangia vitumbua, na mpaka leo nikipita sokoni Kashikishi asubuhi, wakati makarai yanachemka, mdomo hunijaa mate na moyo hunijaa aibu kwa pamoja. Niliipata kwa mama mmoja muuza vitumbua aliyekuwa akichana kurasa zake kuwafungia wateja. Ilikuwa kamusi ya Kifaransa na Kiingereza, iliyovushwa kutoka Kongo na nani sijui, na mama yule alikuwa ameshamaliza herufi ya A yote na ya B yote. Nilimsihi aache. Akasema karatasi ni karatasi, nimletee nyingine. Nikakimbia nyumbani, nikachukua daftari za biolojia za dada yangu Chanda, ambaye alikuwa amemaliza mitihani ya darasa la kumi na mbili, nikaona hana kazi nazo tena, nikabadilishana na mama yule. Ndiyo maana Kifaransa changu kinaanzia herufi ya C. Maneno kama rafiki na upendo, ambayo nimeambiwa kwa Kifaransa huanza na A, yaliliwa na watu wa Kashikishi pamoja na vitumbua, na mimi sikuwahi kuyatafuta. Yaliyobaki niliyasoma kama mtu anayekula mahindi ya kuchoma, punje kwa punje, na kila maana niliyoielewa niliipigia alama ya vema kwa penseli pembeni, kama mwalimu anavyosahihisha. Kanuni yangu ilikuwa moja: usipoelewa usipige, ukielewa lazima upige. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, na nilijiona msomi kuliko pwani yote ya ziwa Mweru.

Ulikuwa msimu wa ziwa kufungwa. Kila mwaka mvua zikianza kukolea, serikali husimamisha uvuvi kwa miezi mitatu ili samaki wazaliane, na kwa mtoto wa Nchelenge miezi hiyo ina harufu yake, nayo ni kukosekana kwa harufu. Chanja za kukaushia chisense, wale samaki wadogo wa kwetu wasiofikia urefu wa kidole, hukaa tupu, na upepo utokao ziwani huleta matope na mihogo iliyolowekwa, basi. Baba yetu, mvuvi, alikuwa hana la kufanya ila kushona nyavu zilizokwisha kushonwa na kugombana na kuku. Mama alikwenda kwenye mikutano ya kina mama wa kanisa hata siku ambazo hakukuwa na mkutano. Furaha ya nyumba ilikuwa moja tu, barua ya Chanda. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea unesi, na ziwa likifunguliwa tu alitakiwa awe ameripoti chuoni. Barua ilikaa ndani ya Biblia, na kila Jumapili baada ya ibada baba aliitoa akaisoma upya, midomo ikicheza, ingawa Kiingereza kilikuwa kikimpiga chenga. Akimaliza aliikunja polepole na kusema kwamba siku zake za kuugua sasa zina mwenyewe.

Ndipo akaja Ilunga. Mama alimfahamu tangu zamani kwa biashara: alivuka kutoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Pweto, Kongo, akileta mawese na vitenge na kurudi na unga wa mahindi. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini hivi, mwepesi wa kucheka, mwenye viatu vyeupe alivyovibeba mkononi kila alipotembea mchangani ili visichafuke. Sikumpenda wala sikumchukia, alinipa pipi. Siku moja alikuja hakuleta mawese. Alikuja na mjomba wake, wamevaa makoti kwenye joto lile, nikajua ni posa. Nyumbani kwetu tulisema Kibemba, na Kiswahili kilikuwa lugha ya kuuzia samaki. Hiki ninachoandikia nilikuja kukipata ukubwani, nilipofanya kazi Mbeya miaka minane. Kwa hiyo mama aliwahoji wale wageni kwa maneno yaleyale ya sokoni, mazito kidogo kwa sababu ya adabu. Akamwuliza Ilunga, akimwita baba kwa heshima, "Tata, wewe unakaaka wapi kule?"

"Mi, mama? Nakaaka ku shato," Ilunga akajibu, uso umemchangamka. "Ukifika, uliza mutu yeyote, hata mutoto mudogo: Ilunga wa ku shato. Batakuleta mpaka ku mulango."

"Shato?"

"Shato, mama! Ile murefu, ile Babelge balijengaka. Iko naonekana tangu mu maji."

Mama akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Kuuliza si ujinga, husema Waswahili, lakini mama yangu hakuwa Mswahili. Alikuwa Mbemba mwenye heshima zake mbele ya wageni wa posa, na aliona haya kuuliza neno moja mara tatu. Wageni walipoondoka ndipo akaniita, akaniambia nikatazame katika lile buku langu shato ni kitu gani.

Nilitafuta kwenye S nikakosa. Kisha nikakumbuka kuwa ch ya Wafaransa ndiyo sh yetu, nikarudi mwanzoni kabisa, kwenye herufi ya C, mahali ambapo siku mbili zaidi za vitumbua zingetosha kulimaliza neno lenyewe. Nililiona, lina kofia juu ya a. Nikasoma Kiingereza chake kwa sauti, kisha nikakigeuza Kibemba mbele ya wazazi wangu: nyumba kubwa ya fahari iliyoko mashambani, makao ya mabwana na watawala. Mama akakaa chini. Baba akaweka sindano ya nyavu. Akaniambia nirudie, nikarudia, na safari hii niliongeza madirisha. Nikapiga vema yangu pembeni.

Sijawahi kuona neno likifanya kazi namna ile. Kabla ya Jumapili kina mama wote wa kanisa walikuwa wanajua kwamba BanaChanda, yaani mama yetu, anaoza binti kwenye nyumba ya watawala wa Kibelgiji. Nilipoulizwa njiani nilieleza, na kila nilipoeleza nyumba iliongezeka chumba. Baba, ambaye mwanzo alikunja uso kwa sababu ya unesi, alikaa siku mbili akifikiri, kisha akasema nesi huosha vidonda vya watu, lakini bibi wa nyumba kama ile huoshewa hata vyombo. Jumapili iliyofuata barua haikutolewa ndani ya Biblia. Akachinjwa kuku kwa ajili ya mjomba wa Ilunga, na baba akafanya jambo ambalo watoto wa kike wa Kibemba hawalitarajii duniani: aliikata firigisi ya kuku, ambayo ni ya mwenye nyumba peke yake, akanipa mimi nusu. "Mwalimu wetu wa Kifaransa," akasema. Chanda naye akacheka, na tangu hapo akawa ananiita mwalimu kwa utani, akinivuta sikio. Nilitafuna firigisi ile taratibu sana. Ilikuwa ngumu na tamu, na nilijiambia kwamba Chanda akihamia kule, mimi nitakuwa na chumba changu chenye dirisha linalotazama ziwa.

Sasa nifike pale ambapo nimekuwa nikipazunguka. Ilikuwa mchana, mvua inanyesha, na Chanda alikuwa jikoni anachekecha unga wa muhogo. Tulikuwa wawili tu. Aliniita nije na kamusi. Chanda hakuwa msichana wa kudanganywa na viatu vyeupe. Alimwona Ilunga mtu mwema, lakini alikuwa na akili ya kupima mambo, na hakuwa na njia ya kumwuliza mwenyewe, maana mchumba na mposaji kwetu hawapigi soga. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mulenga, mwalimu wangu. Ni nyumba kubwa kweli, au ni nyumba tu? Kama ni nyumba tu, mimi nitakwenda kwenye unesi wangu. Nitamwambia baba waziwazi. Soma tena." Angeweza kusoma mwenyewe. Kiingereza chake kilikuwa bora mara mia kuliko changu. Lakini mikono yake ilikuwa na unga, na aliniamini.

Nikasoma tena. Na chini ya ile maana niliyoipigia vema, mistari minne chini, kwa herufi ndogo, niliona neno lilelile likifuatwa na maneno mengine mawili mafupi, na Kiingereza chake kilikuwa mnara wa tangi la maji. Nikafungua E kuhakikisha, nikakuta maji. Nikakumbuka maneno ya Ilunga: ile ndefu, inaonekana tangu majini. Nyumba haisifiwi kwa urefu. Nilielewa. Nataka hili lieleweke, kwa sababu watu wema wamewahi kuniambia, bila kujua kisa chote, kwamba mtoto hana kosa. Nilielewa papo hapo, barabara, kama nilivyoelewa maana ya kabichi na ya sungura. Kisha akili ya kitoto ikaanza kushona: mtu mwenye nyumba kubwa si lazima awe na tangi kubwa? Lakini hata huo ulikuwa uongo wa kujifariji. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshaonja firigisi. Kama ningesema ni tangi, baba angerudi kuila peke yake, na kina mama wa kanisa wangenicheka njiani, na dirisha langu lingekwisha. Nikasema, "Ni nyumba kubwa, dada. Kubwa sana." Chanda akashusha pumzi, akatabasamu, akaendelea kuchekecha. Mimi nikachukua penseli nikapiga vema pembeni mwa ile maana ya pili, kwa sababu kanuni ni kanuni.

Ziwa lilipofunguliwa tulimpeleka bibi harusi. Tulikuwa mama, shangazi, Chanda mwenyewe, Ilunga na mimi, ndani ya boti ya mashine yenye magunia ya unga, na wavuvi wote walikuwa majini kwa furaha ya siku za kwanza. Tulitua Puta, kijiji cha upande wetu, kuongeza mafuta, watu wakatuimbia. Upande wa kushoto milima ya Kongo ilikuwa inakaribia. Mama alivaa viatu vyake vya Krismasi na kuvikinga na maji kwa mfuko wa plastiki. Alasiri Ilunga akasimama mbele kabisa ya boti, akanyoosha mkono, sauti imemjaa. "Muone! Muone! Ile njo shato!" Sote tukainuka. Juu ya mteremko palikuwa na tangi la chuma lililokaa juu ya miguu minne ya zege, limeota kutu kiasi kwamba rangi yake na ya udongo zilikuwa moja, na kunguru walikuwa wakiingia na kutoka kwa juu. Shangazi akauliza, "Na nyumba?" Ilunga akaonyesha kwa fahari ileile: nyuma ya tangi, nyumba ya matofali mabichi, vyumba viwili, uwanja umefagiliwa, maua yamepandwa kwenye makopo. Hakuwa amesema uongo hata mara moja. Mtaa wote ule uliitwa Shato, kwa kuwa chini ya tangi lile ndipo watu walipokaa, na yeye alikaa pale.

Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani, na mama aliingia, akaketi kwenye kiti alichopewa, akanitazama. Nikamwambia kamusi ndivyo ilivyosema. Akaikubali. Maisha yake yote mama alikilaumu Kifaransa, akasema ni lugha ya kubabaisha watu, wala hakunilaumu mimi. Kumrudisha Chanda hakuwezekani, mahari imeshapokelewa, na kanisa zima limeshaimba. Maji yakimwagika hayazoleki. Chanda alitazama lile tangi, kisha mama mkwe wake akampa ndoo, maana kazi ya kwanza ya bibi harusi kule ni kuteka maji ya nyumba, na Chanda akaelekea kwenye miguu ya zege, kama ambavyo mtu yeyote angefanya. Wanawake wakacheka, si kwa ubaya. Wakamwambia shato haina maji tangu mashine ya Wabelgiji ilipokufa, maji ni ziwani. Akageuka akateremka nao mteremko mzima. Nilimtazama akipanda na ndoo kichwani, nguo nyeupe imelowa mgongoni.

Alipanda mteremko ule miaka kumi na minne. Ilunga alikuwa mume mwema, hilo nimelisikia kwa Chanda mwenyewe na sina sababu ya kulikataa. Walizaa wanne. Kisha vita vikafika kwao, wakakimbilia majini na wengine, na Ilunga akarudi mara moja kumchukua mama yake aliyekuwa hawezi kutembea. Hakuonekana tena. Niliposikia kuwa boti zinatua nilitoka Mbeya nikaja mpaka Kenani, ambako watu wa ng'ambo walikuwa wakipokelewa, nikamkuta Chanda kwenye foleni. Kutoka nyumbani kwetu hadi Kenani, kwa baiskeli, unafika kabla jua halijakuwa kali, na mtu ambaye kitovu chake kimezikwa Nchelenge alikuwa anasubiri kuandikwa mgeni. Kijana wa kuandika akamwuliza alikuwa akikaa wapi. Chanda akasema, "Shato." Kijana alijua Kifaransa kidogo. Akacheka, akasema kumbe mama ameacha jumba la kifalme amekuja kulala hemani. Nilikuwa nimesimama kando yake. Nilicheka pia, Mungu anisamehe, kwa sababu sikujua nifanye nini na uso wangu.

Leo tunakaa pamoja Nchelenge, mimi na yeye na mwanawe wa mwisho, Mado, mwenye miaka kumi na mitatu. Wazazi wetu wameshakwenda. Chanda anauza chisense sokoni, na mtoto akiugua ni yeye anayempeleka kliniki, na nimemwona akiwatazama manesi wanavyofunga bandeji, anaifuata mikono yao. Mtaani kwetu wamejenga tangi jipya la maji juu ya nguzo za chuma, watu wa ng'ambo wanaliita shato, na hili linatoa maji. Bomba liko hatua ishirini kutoka mlangoni. Mimi utotoni niliteka ziwani, Chanda aliteka ziwani mpaka nywele zikaanza kumtoka utosini, na Mado anafungua bomba na kulalamika kuwa maji yanatoka polepole. Nilidhani hiyo ndiyo tofauti ya zamani na sasa, na nilikuwa nimeanza kuizoea. Lakini mwaka huu tajiri mmoja amejenga nyumba ya wageni ufukweni, ya ghorofa, yenye madirisha mengi yanayotazama ziwa, na kwenye lango ameandika neno lile, na kofia yake juu ya a.

Mado alirudi kutoka shuleni ameshangaa. "Mama mudogo," akaniambia, "juu ya nini baliandika shato pa ile nyumba? Tangi yake iko wapi?" Kwake yeye neno hilo halijawahi kuwa na maana nyingine. Nilicheka, nikamwambia kamusi iko sandukuni, atazame mwenyewe. Nilikuwa nimesahau. Miaka yote hiyo nimeikumbuka dhambi yangu lakini niliisahau penseli. Mama yake alikuwa amekaa mkekani akichagua chisense, anatoa mchanga na majani. Mado akafungua, akanusa kurasa, akakunja pua, akasoma kwa kidole. "Iko mbili," akasema kwa furaha. "Ya kwanza, nyumba kubwa ya bakubwa. Ya pili, tangi ya maji. Mama mudogo, yote mbili uliweka vema!"

Mikono ya Chanda ikasimama. "Lete," akasema. Akaifuta mikono kwenye kitenge mpaka ikawa safi kabisa, akaipokea kamusi, akasoma mwenyewe. Alisoma kwa muda mrefu kuliko mistari ile inavyohitaji. Kisha akaniuliza kwa Kiswahili cha ng'ambo, lugha anayoitumia akiwa na hasira au akiwa anaomba, "Hii vema uliipigaka lini?"

Ningeweza kusema niliipiga baadaye, tuliporudi. Angekuwa hana namna ya kujua. Nikasema, "Siku ile ya unga."

Hakupaza sauti. Alifunga kamusi akampa Mado airudishe sandukuni. "Nilikuambiaka soma tena," akasema. "Na ulisomaka." Akachukua ndoo akaenda bombani, nikamsikia akifungua maji na kusubiri ijae.

Tangu siku hiyo tunakula pamoja, tunakwenda kanisani pamoja, na nikiugua ananipikia uji. Ila jina langu halitamki tena. Hata mbele za watu ananiita mwalimu, na wageni wakisikia hudhani ananiheshimu.